Hilux ya 1994 iliyofeli moshi Nakuru: injini ilikua nzima, pampu ndio ilikua bado iko Kisumu

Nataka nieleze hiki kisa chote bila kuruka kitu, juu kila mwaka naona watu wakilipia ovahoo (kufungua injini yote na kuitengeneza upya) ya injini ambayo haikua mgonjwa, na chanzo ni karatasi moja tu ya ukaguzi imeandikwa moshi umezidi. Gari ni Hilux pikapu ya 1994, injini ya 3L ile ya 2,779 cc, haina tabo ya kusukuma hewa, pampu ya dizeli ni ya rotari ya zamani isiyo na kompyuta yoyote. Mwenye gari ni mama mkulima wa Molo, anabeba viazi na kabeji kuleta soko Nakuru, na pikapu kama hio inahesabiwa gari ya biashara kwa hivyo kila mwaka lazima ipelekwe ukaguzi wa NTSA, ile mamlaka ya usalama barabarani, unabuki na kulipia kwenye portali yao ya eCitizen, unapewa siku, unapeleka gari.

Breki zilipita. Taa zilipita, tairi, saspensheni, boksi la stelingi, bodi, vyote sawa. Ilifeli moshi peke yake. Na nisema mapema, yule mkaguzi alifanya kazi yake vizuri, ile gari ilikua inatoa wingu jeusi la kweli ukikanyaga mafuta, hata bila mashine mtu yeyote aliyesimama nyuma yake angekwambia hii haiwezi kupita. Kipimo chenyewe kwa dizeli ni rahisi kuelewa: injini ikiwa moto, gia iko nyutro, wanaingiza kijiti kwenye egzosi, halafu wanakanyaga eksileta kwa haraka mpaka gavana ya pampu (kizuizi cha mwendo wa injini) ikatae kupanda zaidi, wanaachilia, wanarudia tena na tena. Ndani ya mashine kuna mwanga unapita katikati ya moshi, na kadri moshi unavyozuia mwanga ndivyo namba inapanda. Uingereza wana kipimo hicho hicho, gari ya dizeli ya umri huu isiyo na tabo kwa kawaida haitakiwi kupita 2.5 na yenye tabo 3.0. Hapa kwetu ukaguzi wa magari unaongozwa na kiwango kinachoitwa KS 1515. Kitu cha kushika ni kwamba wakati wa hicho kipimo pampu inamwaga dizeli kwa wingi kwa ghafla, kwa hivyo kosa lolote la hewa au la mafuta linajitokeza hapo hapo, halina pa kujificha.

Sasa, kabla gari ifike kwangu ilikua imepitia garaji nyingine. Huko walipima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda, wakapata silinda ya kwanza psi 350, ya pili 345, ya tatu 355, ya nne 335. Wakafungua kitabu cha injini wakaona imeandikwa 455. Wakamwambia mama injini imekwisha, ringi zimeisha, silinda zichongwe upya, pistoni mpya, jumla kama shilingi 120,000 na hapo hujaweka kazi ya hedi kama itapatikana na ufa. Mama akaja kwangu na hio karatasi ya kompresheni mkononi akaniuliza moja kwa moja, "Fundi, niambie ukweli, niuze ama nitengeneze?" Nikamwambia, "Mama, tusiseme kuuza wala kutengeneza, kwanza tujue inaumwa wapi." Kijana wake ndiye dereva, alikua amekaa pale pembeni kimya, na yeye ndiye alinipa habari iliyosaidia kuliko zote, nitafika hapo.

Hizi namba za kompresheni zinahitaji kusomwa na mtu anayekumbuka amesimama wapi. Ile 455 ya kitabu ni ya injini mpya na imeandikwa kwa hewa ya chini karibu na bahari. Nakuru tuko kama mita 1,850 juu, hewa ya hapa presha yake ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa, na injini isiyo na tabo inavuta hewa iliyoko tu, haina kitu cha kuisukuma. Ukianza na hewa ya asilimia 80 halafu uibane vile vile, utapata jibu la asilimia 80, yaani injini mpya kabisa ya aina hii ukiipima Nakuru usitegemee sana kupita 365. Sasa weka 350 kando ya 365 uniambie kama hio ni injini iliyokufa. Na kitabu hicho hicho, ukurasa huo huo, kinasema isishuke chini ya 284 na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 71. Hapa ya chini kabisa ilikua 335 na tofauti kubwa ni 20. Ile injini ilikua imefaulu hata kwa kipimo cha usawa wa bahari, bila kuihurumia kwa sababu ya mwinuko. Mtu alisoma mstari mmoja akaacha miwili inayofuata, na mstari huo mmoja ungemgharimu mama mavuno ya msimu mzima.

Sikutegemea namba peke yake. Nilifungua kifuniko cha kuwekea oili injini ikiwa inanguruma nikaona pumzi ni ya kawaida, haipulizi. Nikauliza oili, kijana akasema kati ya savisi moja na nyingine anaongeza kidogo sana ama haongezi. Nikauliza asubuhi inawaka vipi huko Molo, na Molo mwezi wa saba ni baridi ya kuumiza vidole, akasema anawasha hita plagi, anasubiri taa izime, anapiga seli inashika. Injini iliyochoka ringi haiwaki hivyo kwa baridi ya Molo. Inazunguka mpaka betri inalia, inatoa moshi mweupe, mnasukuma.

Na moshi wenyewe ulikua mweusi. Rangi ya moshi inasema mambo mengi sana na haikugharimu kitu kuiangalia. Bluu ni oili inaungua, hapo ndio uanze kufikiria ringi na sili za valvu. Mweupe ni dizeli haijashika moto, injini ikiwa baridi au taiming (wakati wa kumwaga dizeli) imechelewa, ama kama ni mvuke na maji ya redieta yanapungua basi ni gasketi au hedi, na hizi injini za 2L na 3L zinajulikana kwa hedi kupasuka zikichemka hata mara moja. Mweusi ni kitu kingine kabisa, mweusi ni dizeli imezidi hewa. Inamaanisha mambo mawili tu kwa ujumla, hewa inayoingia ni kidogo ama mafuta yanayoingia ni mengi au yamemwagwa vibaya. Basi unafuata hizo njia mbili kuanzia kwa ile ya bei ya chini, na ovahoo iko mwisho kabisa wa foleni.

Tukaanza na hewa. Ea klina ilikua imejaa vumbi jekundu la barabara za huko shambani, ukiigonga chini inamwaga kama unga wa ugali, lakini hata baada ya kuweka mpya moshi ulipungua kidogo tu. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa wanasema basi si hewa. Mimi nikashuku ule mpira mkubwa unaotoka boksi ya ea klina kwenda kwa injini, nje ulikua mzuri, hauna ufa, klempu zimekaza. Nikauchomoa nikaingiza vidole ndani nikakuta ngozi ya ndani ya mpira imebanduka, imening'inia kama ulimi. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, haionekani shida, ukikanyaga mafuta hewa inavuta ile ngozi inajifunga yenyewe katikati ya njia. Mpira wa miaka mingi unafanya hivyo kwa sababu ya mvuke wa oili unaopita humo, na kwa macho hutaijua, lazima uchomoe. Tukapata mwingine mtumba mzima, na hapo moshi ulipungua kwa kuonekana. Lakini bado ulikua mweusi.

Ikafuata nozo, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini. Hapa sikubali mtu aniambie "nozo ziko sawa" bila kuziweka kwa benchi ya kupimia, juu nozo haiwezi kujulikana kwa kuiangalia. Nikazitoa zote nne nikampelekea fundi wa pampu. Kwenye benchi unapiga mkono wa pampu pole pole unaangalia kwenye ncha. Nozo nzuri ya aina hii inanyunyiza ukungu mwembamba ulio nyooka, na inalia mlio fulani wa kukwaruza kila inapofunguka, mafundi wa pampu wanausikiliza huo mlio hata kabla hawajaangalia mshale. Ya kwanza ilikua hivyo. Ya pili ililia lakini ukungu umepinda upande. Ya tatu haikulia kabisa, ilitoa kamstari ka dizeli kama sirinji. Ya nne ilikua mbaya zaidi, presha ikiwa bado haijafika ilikua tayari imening'iniza tone kwenye ncha, linakua, linaanguka, lingine linaanza. Hilo tone ndani ya injini halipati nafasi ya kuchanganyika na hewa, linaungua nusu, linatoka masizi. Tukabadilisha ncha zote nne, si mbili zilizokufa tu, sababu injini yenye nozo mpya mbili na za zamani mbili inatetemeka na kipimo cha moshi kinapima egzosi moja ya silinda zote. Wakati wa kurudisha weka washa mpya za kopa kila moja, ile ya zamani ukiirudia inavujisha na utarudi kufungua tena.

Ndio sasa ile habari ya kijana. Nikiwa nafungua nozo nilimuuliza gari walinunua wapi, akasema Kisumu, kwa mtu aliyekua anabeba samaki kutoka Usenge na Bondo kuleta mjini. Na akaongeza kwamba yule mwenyewe aliwasifia gari akasema pampu ametoka kuifanya, na fundi wake aliiongeza kidogo ipate nguvu. Nikaenda moja kwa moja kwa skrubu ya mafuta iliyo nyuma ya pampu, ile ambayo kiwandani inafungwa na waya na sili ili mtu asiiguse. Waya hakuna. Sili hakuna. Nati yake ina alama mpya za spana na skrubu imeingia ndani zaidi ya kawaida.

Fikiria safari ya hio pampu. Kisumu iko kama mita 1,130, hewa yake ni kama asilimia 88 ya ile ya bahari. Barabara ya Bondo na Usenge ni tambarare za ziwani, mlima hakuna wa maana, gari haiombi mafuta ya mwisho kwa muda mrefu. Pampu ikapimwa kwa hewa hio, halafu ikaongezwa juu yake, na moshi kidogo uliokuwepo hakuna aliyeujali. Kisha gari ikanunuliwa ikapandishwa Nakuru asilimia 80, na kazi yake ya kila wiki ni kupanda mpaka Molo ambako ni karibu mita 2,500, hewa asilimia 75 hivi. Pampu ya aina hii isipokua na kile kifaa cha kusoma mwinuko haijui imehamia wapi, inamwaga kipimo kile kile ilichowekewa ziwani. Mafuta ya Kisumu, pamoja na nyongeza, kwa hewa ya Molo. Haiwezi kukosa kutoa moshi mweusi. Hii ndio sababu nasema mtu yeyote akinunua gari ya dizeli ya zamani kutoka Kisumu, Busia au Mombasa akaileta huku juu kwetu, Nakuru, Molo, Eldoret, Timboroa, aulize habari ya pampu kabla ya kuuliza habari ya redio, na fundi anayeipokea naye aulize.

Watu wengi wanaogopa kupunguza hio skrubu wakidhani gari itakosa nguvu mlimani. Nguvu inatoka kwa mafuta yanayoungua, na mafuta yanaungua kwa kiasi cha hewa iliyopo. Dizeli inayozidi hewa haikupi nguvu, inakupa masizi, inachafua oili, inapandisha joto la egzosi, na inakula pesa. Pampu ilitolewa ikapelekwa benchi, ikarudishwa kipimo cha kitabu, halafu ikapunguzwa kidogo tena kwa ajili ya mwinuko. Nasisitiza benchi kwa sababu hio skrubu ukiigusa na bisibisi gari ikiwa imesimama unakisia tu, robo ya mzunguko ni nyingi mno, na ukizidisha kurudisha gari inakua haivuti kabisa na unaeza kuharibu sailensa na kuzima kwake. Kwa sababu pampu ilikua nje, tukaweka na taiming belti mpya, kwa hizi injini inatakiwa kila kilomita 100,000 na ya hii gari hakuna aliyejua iliwekwa lini, ikikatika valvu zinagonga pistoni na hapo ovahoo inakua ya kweli. Wakati wa kufunga pampu taiming ikapimwa na geji ndogo ya mshale inayoingia nyuma ya pampu, haikuwekwa kwa kusikiliza sauti. Ilikua imechelewa kidogo, na kuchelewa kidogo nako kunaongeza moshi.

Nizungumzie ile hila ambayo watu wataniuliza, juu mama mwenyewe alishaambiwa na mtu. Hila ni kufungua skrubu ya pampu kurudi nyuma sana asubuhi ya ukaguzi, gari inaingia haina nguvu hata ya kupanda tuta, inapita, halafu jioni skrubu inarudishwa ilipokua. Kuna wengine wanamwaga mafuta ya taa kwa tanki. Mimi sifanyi hio kazi na sababu zangu si za kuogopa. Pampu ya rotari inajipaka mafuta kwa ile dizeli yenyewe inayopita ndani, haina oili yake, sasa ukiweka mafuta ya taa ambayo ni mepesi vile vyuma vya ndani vinasuguana vikavu, na pampu ya hio gari ni ghali kuliko kila kitu tulichotengeneza. Tangu serikali iweke ile kodi ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka wa 2018, kusudi likiwa kuzuia uchanganyaji, faida ya kuchanganya ilipungua sana, lakini kwa tanki moja la siku ya ukaguzi bado watu wanajaribu. Na ile hila ya skrubu, hata ikikupitisha, nozo inayodondosha bado inadondosha, mpira bado umejifunga, umenunua stika lakini gari ni ile ile, inaendelea kukula dizeli yako mwaka mzima na kumwagia watu masizi.

Na hao watu ninawafikiria sana. Panda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit siku yoyote, pembeni kuna kina mama wanauza viazi, karoti, mahindi ya kuchoma, wanakaa pale kutoka asubuhi mpaka giza, na kila gari inayopanda mlima inakanyaga mafuta ya mwisho mbele yao. Shirika la utafiti wa saratani la WHO lilitangaza mwaka wa 2012 kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu, likauweka kundi la kwanza kabisa, hakuna maneno ya labda hapo. Tangu 2015 dizeli yetu Kenya imetakiwa kua na salfa isiyozidi 50 ppm kutoka 500 za zamani, hio ni hatua kubwa na imesaidia, lakini dizeli safi ukiimwaga kwa nozo iliyokufa bado inatoka nyeusi. Huyu mama mwenye Hilux yeye mwenyewe alianza kwa kuuza viazi pembeni ya barabara hio hio. Nilipomweleza hivi hakuhitaji kushawishiwa.

Dizeli ya gari pia tuliangalia, maana nilitaka kufunga kila mlango. Tulimwaga ya chini ya tanki kwenye chupa ya glasi tukaiacha itulie, maji kidogo chini na uchafu kama mchanga. Filta mpya, tanki likasafishwa, basi. Hapo hakukua na kisa kirefu.

Siku ya kurudi kituoni nilitaka tusirudie jambo moja lililotokea mara ya kwanza ambalo hakuna aliyelifikiria. Gari ilitoka Molo. Kutoka Molo mpaka Nakuru ni mteremko karibu wote, dereva mwangalifu anashuka Sachangwan na gia ndogo, mguu hauko kwa mafuta, na hivyo ndivyo inatakiwa pale. Lakini injini inafika Nakuru haijapata moto wa kazi, masizi yametulia ndani ya egzosi, halafu inakaa kwa foleni ikinguruma sailensa, inazidi kupoa. Mkaguzi anakanyaga mara ya kwanza na masizi yote ya njiani yanatoka pamoja na ya wakati huo. Gari mbovu ingefeli tu, lakini hata gari nzuri unaiumiza ukiipeleka hivyo. Kwa hivyo ililala Nakuru, asubuhi tukaweka magunia kadhaa nyuma, kijana akaipandisha barabara ya Bahati kwa mzigo, gia ya tatu, mguu umekaa kwa mafuta mpaka joto la injini likatulia mahali pake na egzosi ikajisafisha. Nilikua nyuma yake naangalia. Mwanzo wa mlima ilitoa kivuli cha kijivu, katikati ya mlima hakuna kitu, na hapo roho yangu ikatulia. Tukashuka, tukashusha magunia, ikaenda moja kwa moja kituoni ikiwa moto na haikuzimwa muda mrefu kwenye foleni.

Ilipita. Mkaguzi alirudia kukanyaga kama kawaida na namba hazikupishana sana moja na nyingine, na hio ni dalili nzuri kuliko namba yenyewe kua chini, inaonyesha injini inafanya kitu kile kile kila mara. Mama akanipigia simu kutoka kituoni, hakusema mengi, "Imekubali, fundi, Mungu akubariki," halafu akaniuliza kama anaweza kubeba viazi siku hio hio. Nikamwambia abebe.

Kwa pesa, ncha za nozo, kazi ya pampu kwenye benchi, belti, mpira wa hewa, filta na mkono wangu, vyote pamoja vilikua kama robo ya ile 120,000 ya ovahoo, zaidi kidogo. Na kama angefanya ovahoo angelipa 120,000, arudishe pampu ile ile ya Kisumu na nozo zile zile juu ya injini mpya, aende kituoni, afeli tena moshi mweusi. Hilo ndilo linaniuma katika hivi visa. Fundi anapoambiwa moshi anakimbilia injini kwa sababu injini ndio kazi kubwa, na mwenye gari hana namna ya kubishana naye. Kama wewe ndiye mwenye gari, omba namba za kompresheni ziandikwe kwa karatasi kila silinda, uliza ya chini inayoruhusiwa ni ngapi na tofauti inayoruhusiwa ni ngapi, na uliza nozo zimepimwa kwa benchi ya nani. Fundi mzuri hatakasirika kwa maswali hayo. Hata wenye magari ya binafsi wangefaa kuzoea haya mapema, maana rasimu ya kanuni za ukaguzi ya 2025 ilitaka magari yote yaliyozidi miaka 4 tangu kutengenezwa yakaguliwe kila mwaka, si matatu na malori peke yake.

Gari haijamaliza kazi. Sili ya shafti ya mbele ya pampu inaanza kuloa dizeli, sili za zamani zinajulikana kukauka na kuvuja, na nimemwambia mama aitengee pesa kabla ya msimu ujao wa viazi, maana ikivuja sana itamwagia belti mpya na kuiharibu. Redieta nayo itatolewa ioshwe, kwa ajili ya ile hedi. Ea klina kijana anaitoa na kuigonga kila Jumamosi, na ule mpira wa hewa nimemwonyesha namna ya kuuchomoa na kupitisha vidole ndani, awe anafanya hivyo kila savisi.